Debe la Asubuhi

Mume wangu Salumu, mjukuu mtoro,

Assalamu alaikum. Barua yako imefika, nikaisoma nimesimama uani. Alhamdulillahi, u mzima! Mama yako tangu jana anaimba jikoni.

Unauliza, vifaa vyenu vya kuhisi nyendo huko mpakani mnakolinda vikipingana, mtajuaje cha kuamini. Mie najua madungu tu.

Nilipokuwa msichana hapa Mkongo, kila familia ililinda mahindi kwenye dungu lake, kibanda cha juu ya miti. Ukiona nguruwe unapiga debe, majirani wanakuja mbio. Bi Zuhura alipiga hata kwa kivuli, tukamdharau. Mzee Kindamba hakupiga bure hata siku moja. Akinyamaza, tulijua upande wake salama.

Siku moja Bi Zuhura akapiga mpaka tukaenda, tukinung'unika. Nguruwe hamna. Akatuonyesha dungu la Kindamba. "Tangu jana sijaona moshi pale. Nyie mmekaa tu?"

Tulimkuta homa imempanda, hajui aliko, na mahindi yake yameliwa. Tukambeba. Alipona, hata harusini kwangu alicheza ngoma.

Toka hapo kila dungu lilipiga debe mara moja asubuhi, hata kama hakuna kitu. Lisilopiga, tunakwenda kulitazama.

Sijui kama vyuma vyenu vinafundishika hivyo. Ila miezi yote uliyonyamaza nilimwambia mama yako, "Kimya cha Salumu ni salama." Nilikuwa namdanganya. Piga debe, mume wangu, hata kama huna la kusema.

Bibi yako, Mwanahawa