Kamyo Haikukosa Pumzi

Mpendwa yaya, kaka yangu Selemani,

Tulimzika mama Ijumaa iliyopita, baada ya swala. Siku ya tatu ya matanga wazee wa mtaa wakaanza kukukumbuka wewe. Unawajua, hawawezi kumaliza kikombe cha chai bila kumtaja mtu. Mmoja akasema, "Munakumbuka Fundi Konokono? Ule wa kamyo ya kukataa kukimbia?" Wakacheka, kicheko cha watu waliokupenda. Na mimi nikacheka. Nina wajukuu saba, yaya, na bado nilicheka ili nisiulizwe kitu. Ndiyo maana leo nimeketi kwenye benchi lako la zamani hapa Rumonge, lile lenye alama ya msumeno, nikuandikie. Nataka barua hii isomwe na kila aliyecheka.

Nianze na konokono, maana wajukuu hawalijui. Uhuru ulikuwa na mwaka mmoja tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe ulikuwa umekwisha kuwa baba yangu, kwa kuwa baba mwenyewe alituachia kamyo moja nzee, lori la kubebea samaki, garaji ya mabati na madua. Shida yetu ilikuwa mukeke. Samaki yule hana subira: tukichelewa kufika Bujumbura, macho yake yanazama na wanunuzi wanaziba pua. Ndipo ukaiona mota ya boti iliyokufa pale bandarini, na ubavuni mwake turbo, kile kifaa cha chuma kilichojikunja, kinachochukua nguvu ya moshi wa mota kuisukumia mota hiyohiyo hewa zaidi. Uliizunguka mara tatu kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi. "Hii konokono," ukasema, "tukiivalisha kamyo ya baba, mukeke itafika sokoni iko inaturukia."

Jina likakaa. Garaji nzima ikawa konokono, konokono.

Wewe ulikuwa fundi wa sheria, na sheria yako kuu ilikuwa ya vitambaa. Bomba likifunguliwa, lazima mdomo wake uzibwe kwa kitambaa, isije bulo, yaani bolti, au mchanga ukaingia ndani na kuiua mota. Mama alitukatia vitambaa kutoka kwenye kikwembe chake cha zamani cha kujifunga, chenye ndege wekundu. Lakini kuziba peke yake hakukutosha. Ulitufundisha kusema kwa sauti, "Nimeziba!" na mwenzio ajibu, "Nimesikia!" Wakati wa kutoa, "Nimezibua!" Majirani walidhani tunasali. "Mukono ukiziba, kinywa kiseme," ulikuwa ukirudia, hata wakati wa kula, na mama akikutania kwamba kinywa chako wewe hakijawahi kuzibwa.

Tuliizoea sheria ile mpaka hatukuchungulia tena ndani ya bomba. Kama hakuna aliyesema ameziba, basi bomba liko wazi.

Siku ya mwisho ya kufunga konokono, alasiri, nilikuwa nimelala juu ya mota nikishika lile bomba lenye kona, linalotoka kwenye konokono kwenda kwenye mota. Wewe ulikuwa nje unanawa uso. Nikachukua kitambaa, nikakifinyanga, nikakisukuma ndani kabisa hadi kwenye kona ili kisianguke. Nikafungua kinywa niseme. Wakati huohuo nikamsikia Zuhura anapita barabarani na ndoo, anacheka na wenzake. Unamjua Zuhura, ndiye aliyekuwa mke wangu baadaye, na kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka Minago. Niliruka chini, nikatoka mbio na mikono ya grisi, nikaenda kubeba ndoo isiyokuwa yangu.

Kinywa hakikusema, na kile kitambaa nikakisahau kabisa. Kesho yake asubuhi, kabla sijafika, ulikuwa umekwisha kulifunga bomba mahali pake.

Unakumbuka tulivyoipima kamyo mara ya kwanza baada ya kuivalisha konokono? Ile barabara iliyonyooka katikati ya michikichi, kutoka daraja dogo hadi kwenye kinu cha mawese. Mwalimu wa shule ya pale jirani alitupimia kwa saa yake ya mkononi, akiwa amesimama juu ya pipa apate kuona vizuri. Kabla ya konokono tulikuwa tunatumia dakika moja na sekunde kumi. Sasa, pamoja na konokono, dakika moja na sekunde kumi na tisa. Mwalimu alitikisa saa, akaiweka sikioni, akatuomba turudie. Tukarudia. Dakika moja na sekunde ishirini na moja.

Wiki tatu tulitafuta ugonjwa. Tulibadilisha chujio. Tulichuja mazutu, yaani dizeli, kwa shuka tukidhani ina maji. Tuliinua magurudumu tukayazungusha moja moja, tukiwaza labda breki imeshika. Ulipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo ukisubiri lipulizwe, ukapiga magoti pale kama daktari na sikio lako karibu na chuma. Hakuna hewa iliyovuja. Bomba la mpira tu lilikuwa linavimba kidogo, na moshi ulitoka mweusi kama wa chungu kilichoungua.

"Musa," ukaniuliza siku moja, "hii moshi nyeusi iko inatuambia nini?"

"Mazutu ni mingi, yaya."

"Ao hewa ni kidogo."

"Hewa itakuwa kidogo namna gani na konokono iko pale?"

Ukanisikiliza. Uliipunguza pampu ya mazutu, moshi ukapungua na mwendo nao ukapungua. Ulikuwa umeligusa jibu kwa kidole, yaya, na mimi ndiye niliyekutoa kwenye njia. Naapa wakati ule sikujua. Wakati ule bado nilikuwa mjinga tu.

Kisha ikaja sikukuu ya Uhuru. Baada ya mashindano ya mitumbwi na ya baiskeli, ukaamua kuishindanisha kamyo yetu na ya mfanyabiashara mmoja wa Nyanza-Lac, kamyo ya kawaida isiyo na konokono wala kobe. Yule atakayeshinda ndiye wavuvi wangempa samaki wao wa kupeleka Bujumbura. Ulivaa kanzu nyeupe ukakaa pembeni yangu, mimi nikiwa kwenye usukani. Tuliachwa tangu nusu ya njia. Tulipofika kwenye kinu, yule bwana alikuwa amekwisha kushuka na anakula muwa. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kumbe ni konokono kweli!" na umati mzima ukaangua kicheko. Watoto wakatuzunguka wakitambaa kwa magoti. Watu waliponiuliza mimi dereva nini kimetokea, nilijibu kwamba yaya wangu ameikosea pampu.

Nililisema hilo mbele yako. Ulifuta kioo cha mbele kwa mkono wa kanzu yako nyeupe, polepole, pote, kama vile vumbi ndilo lililotuangusha.

Kuanzia hapo hukuigusa tena mota kubwa. Ulirudi kwenye baiskeli na vimota vya mitumbwi. Kamyo ukaniachia mimi.

Miezi minne baadaye, ukiwa msikitini, nililifungua lile bomba kubadilisha mpira uliochoka. Ndani ya kona nikaona kitu chekundu. Nikavuta. Ndege wa mama wakatoka mmoja mmoja, weusi kwa mafuta na vumbi. Nikakificha kitambaa ndani ya kopo tupu, nikalifunga bomba. Nikaenda peke yangu hadi kwenye daraja dogo nikakanyaga. Kamyo iliruka, yaya. Sikuwa na saa, lakini sikuhitaji saa. Ilivuta hadi nikaogopa, na nyuma hapakuwa na moshi.

Ningegeuza siku ile ile nikuambie, ungenipiga makofi mawili na jioni tungecheka. Lakini nilikuwa nimekuaibisha mbele ya watu, na sasa aibu ilitaka kurudi kwa mwenyewe. Nikasema nitakuambia Ijumaa. Kisha nikasema baada ya Ramadhani. Kisha baada ya harusi yangu. Mara nikaona nimechelewa sana. Kwa hiyo nikawa naificha nguvu ya kamyo. Kila nilipopita mbele ya garaji nilikanyaga nusu tu. Wewe ukiwa hupo, nilikanyaga yote. Miaka minane niliuficha mguu wangu usiuone. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema. Mimi nilificha, ukaumbuka wewe.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili, ambao huku kwetu tunauita Ikiza, lile baa. Sitaandika yote. Walioyaona hawahitaji kuandikiwa. Niseme tu asubuhi ile watu walikuwa wameanza kuchukuliwa majumbani na askari, wasirudi, na kila aliyebaki alikuwa anatafuta njia ya kwenda kusini, kwenye mpaka wa Tanzania. Walijaa kwenye kamyo yetu wakakaa mpaka juu ya kabini. Mama na Zuhura na mtoto wetu walikuwa mbele pamoja nami. Wewe ulikuwa umepata nafasi nyuma, mguu mmoja ndani na mwingine juu ya chuma. Nikawasha. Ukasikiliza mota, kama kawaida yako, kichwa umekiinamisha. Kisha ukashuka.

Ulikuja dirishani. "Musa, kamyo imejaa sana. Ule mulima wa mbele haitauweza. Nikitoka miye, itapata pumzi kidogo."

"Yaya, panda."

"Ikizimika kwa mulima, hawa bote banakufa. Weye peleka mama. Miye nitakuja na miguu, kwa njia ya muchanga kando ya ziwa. Tutakutana Kabonga, pale mupakani."

Nilifungua kinywa. Mungu ni shahidi wangu, neno lilikuwa hapa kwenye meno: yaya, kamyo ni nzima, konokono lako halina kosa, kilikuwa kitambaa changu. Sekunde tatu zingetosha. Lakini mama alikuwa pale, na Zuhura alikuwa pale, na watu wote wale wangejua. Yaya, watu wanakufa, na mimi nilikuwa bado naona haya! Nikajiambia nitakueleza Kabonga. Nikajiambia nitageuza nikufuate. Ukapiga bati la mlango kwa kiganja mara mbili, "Haya, enda," nami nikaenda.

Mlima tuliupanda kana kwamba haupo. Nilikanyaga yote kwa sababu sikuwa na la kufanya, maisha ya watu yalikuwa mgongoni. Tulipofika juu mama akanigeukia.

"Musa. Mbona leo iko inakimbia?"

Nilibadilisha gia. Hakuniuliza tena, si siku ile, si Kigoma tulikoishi miaka mingi, si hapa tuliporudi. Lakini mama alikuwa mke wa dereva na mama wa fundi. Sidhani kwamba hakujua.

Niliwashusha Kabonga nikageuza. Karibu na Nyanza-Lac barabara ilikuwa imefungwa, kamyo ikachukuliwa, mimi nikaokolewa na michikichi niliyojificha ndani yake. Siku kumi na mbili nilikaa mpakani nikiangalia kila mtu aliyekuja kwa njia ya mchanga. Wengine walikuja. Mtu mmoja aliniambia alikuona siku ya kwanza, umembeba mzee mgongoni na unamchekesha. Baada ya hapo hakuna aliyekuona. Huna kaburi, yaya. Ningelijua hata kichaka, ningekuja hapo kusema haya kwa mdomo.

Sikuombi unisamehe, maana wewe ungesamehe haraka, na mimi sitaki haraka. Nataka tu watu wa Rumonge wajue: Selemani hakukosea pampu. Konokono lake lilifanya kazi. Watu wazima na watoto waliovuka siku ile walivushwa na mikono yake, na nafasi aliyoiacha nyuma ya kamyo aliiacha kwa uongo wangu.

Jana nilikitoa kile kitambaa kwenye kopo nilikokificha, lile lililosafiri na mizigo yetu hadi Kigoma na kurudi. Mama, kumbe, alikuwa amekwisha kukiona. Kilikuwa kimefuliwa na kukunjwa mara nne.

Nimekitandika hapa juu ya benchi lako. Garaji ni tupu, lakini nitasema kwa sauti lile neno la alasiri ile, kama ulivyotufundisha, na nitakaa kidogo kungoja jibu.

Nimeziba, yaya.

Mdogo wako,
Musa