Mbuzi Walioazimwa kwa Ajili ya Wageni

Mama Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na uniwie radhi mapema kama barua hii itarukaruka, kwa kuwa tangu juma lililopita nacheka na kulia kwa zamu, hata mchumba wangu Élisée amenisihi nikapimwe malaria. Majina yote nimeyabadilisha kwa heshima ya wahusika, isipokuwa jina la mbuzi, ambalo nimeshindwa kulipatia mbadala.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa mtaa wa Bigo hapa Bunia, nafunga ndoa mwezi ujao na nina furaha kiasi cha kusahau chumvi katika kila chungu, na zaidi ya hayo mimi ni katibu wa kamati ya raia inayosimamia kituo kimoja cha umma hapa mjini, ambacho kazi yake ni kutunza mbwa na mbuzi waliopotea pamoja na wale walioachwa na familia zilizokimbia vita kule Djugu, na mkurugenzi wa kituo hicho, nitamwita Papa Baudouin, ndiye pia parrain wa ndoa yetu, yaani ndiye atakayesimama nasi kanisani, ndiye atakayetupatanisha tukigombana, na ndiye ambaye watoto wetu, Mungu akitujalia, watamwita babu. Sasa kila mwaka kamati yetu hukikagua kituo, na kwa kuwa sisi ni watu wenye adabu, huwa tunatanguliza barua yenye muhuri, wiki mbili kabla, kumjulisha mkurugenzi siku na saa.

Juma lililopita tulipofika tukakuta uwanja umefagiliwa, mbuzi kumi na wawili wanang'aa kama waliopakwa mafuta ya mawese, na mbwa wanne wanene, mmoja mnene hata akashindwa kuinuka kutusalimu, nami nikasimama mbele ya wageni na majirani walioalikwa nikaanza hotuba ya pongezi, hotuba ambayo, nikiruhusiwa kujisifu, ilikuwa imejengwa vizuri, na nilikuwa nimefika pale nisemapo kwamba kituo hiki ni fahari ya mji wetu, ndipo beberu mmoja katika mstari wa wale waliopotea akainua kichwa, akamwona Mama Kavira, muuza sombe, yale majani ya muhogo, aliyechelewa na ndiyo kwanza anatafuta pa kukaa, akakata kamba, akapita katikati ya viongozi, akala maua yaliyoandaliwa kwa ajili ya mkurugenzi, na akaweka kidevu chake juu ya mapaja ya mama huyo.

"Diplôme!" akapiga kelele Mama Kavira, maana beberu huyo alizaliwa siku mwanawe wa kwanza alipomaliza shule. "Diplôme, weye unafanya nini mu kifungo? Asubuhi nilikuacha na bwana yangu!"

Bwana yake akajibu kutoka viti vya nyuma, kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia: "Nyamaza, mama. Banamuazima tu. Saa kumi banarudisha."

"Na ile kamba yangu ya kuanikia nguo, nayo banaiazima?"

"Nayo."

Mama Mshauri, watu walicheka hadi viti vikaanguka, nami nikashikilia meza nisianguke, Papa Baudouin mwenyewe akacheka akijipangusa paji la uso, na katika furaha ile ripoti ikapitishwa kutoka mkono hadi mkono, nikaitia sahihi huku machozi ya kicheko yakinitoka, ripoti inayosema kwamba wanyama wote wana afya njema. Kicheko kilinikatika pale tu Papa Liévin aliponishika mkono kwa mikono yake miwili, yeye ni mkulima wa Djugu, alimwacha jike lake la mbwa kituoni kwa sababu chumba anachokaa hakiwatoshi hata watoto wake, akaniambia: "Aksanti sana, mwalimu. Mbwa yangu sikumuona, lakini banasema iko nyuma, anapumzika. Kama weye unaweka sahihi, leo nitalala muzuri."

Wajumbe wenzangu walikwenda kunywa soda, mimi nikaenda nyuma. Kuna banda la mabati nyuma ya ghala, nilifungua mwenyewe, nikakuta wanyama kumi na tisa, mbuzi wenye mbavu za kuhesabika, ndoo kavu, mbwa waliofungwa kwa waya, na yule wa Papa Liévin nilimtambua kwa sikio lake la kushoto lililokatika, waya ulikuwa umezama shingoni mwake, na aliponiona akatikisa mkia.

Nilimwuliza Papa Baudouin, wala hakukasirika, alishangaa kweli kweli. "Binti yangu," akasema, "kama wageni banakuya kwako, unaazimaka viti kwa jirani, ao hapana? Na sahani? Hata kitambaa ya meza ya fiançailles yako ilitoka kwangu. Sasa mbuzi iko na shida gani?" Nami nikageuka nikaondoka, kwa kuwa kitambaa cha sherehe yetu ya uchumba kilitoka kwake kweli, na bado sijakirudisha.

Jumamosi ripoti itasomwa mbele ya mkutano wa mtaa, na msomaji ni mimi. Nikiisoma, nitamdanganya Papa Liévin mbele ya watu. Nikiikataa, nitamwaibisha parrain wetu, familia ya Élisée iliyomchagua haitanisamehe, na kadi za harusi zimekwisha kuchapwa zikiwa na jina lake. Nifanye nini, Mama?

Ni mimi, Abigaël (jina la kujichagulia), Bigo.

*

Mama Adeline, Mama Mshauri wa redio, anajibu:

Abigaël, nipe kwanza nafasi ya kufuta macho. Barua yako nimeisoma mara mbili studioni, na mara zote mbili beberu yule amemshinda fundi wetu wa mitambo, ambaye kwa kawaida hacheki hata siku ya mshahara. Hongera kwa ndoa yako. Sasa keti vizuri, nikukaripie.

Mlimwandikia mkurugenzi wiki mbili kabla, kwa muhuri, mkamtajia na saa. Mlimpa muda wa kutafuta mbuzi, kisha mkashangaa kwamba amewapata. Huo si ukaguzi, binti yangu, huo ni mwaliko. Na wewe binafsi hukudanganywa kwa ustadi wowote: mbuzi mwenyewe alisimama mbele ya mkutano akatoa ushahidi, mwenye mbuzi akathibitisha, hata kamba ikatajwa, nawe ukatia sahihi. Uliweka jina lako chini ya afya ya wanyama ambao ulikuwa hujawaona. Kwa hilo siwezi kukubembeleza.

Lakini baadaye ulifungua mlango wa banda. Wajumbe wenzako walikwenda kunywa soda. Kwa hilo nakuheshimu, na kwa ajili hiyo naendelea kukujibu.

Hoja ya viti imekushinda kwa sababu unaona haya juu ya kile kitambaa. Kirudishe leo hii, kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi, kisha akili yako itafanya kazi. Tunaazima viti ili mgeni apate pa kukaa. Mgeni akiondoka, hakuna kiti chetu kilichofungiwa nyuma ya ghala kikiomba maji. Papa Baudouin hakuwaazima mbuzi wale ili kuwakirimu. Aliwaazima ili msiulize wengine wako wapi. Nanyi wasikilizaji mnaocheka huku mkipepeta mchele, jiulizeni ni wangapi kati yenu waliotoa mbuzi wao asubuhi ile.

Unasema utamwaibisha parrain. Nieleze basi parrain ni wa nini. Siku Élisée atakapokuficha jambo, si ndiye utakayemkimbilia? Na atakuambia nini, mtu huyu, kama wewe mwenyewe ulimsaidia kuficha? Unamhitaji akiwa mtu anayeweza kuambiwa ukweli, la sivyo kanisani atakuwa amevaa suti tu.

Kwa hiyo leo, si Jumamosi, nenda kituoni na maji, majani na koleo la kukatia waya. Nenda pamoja na daktari wa mifugo, aandike alichokiona, mnyama baada ya mnyama, kwa tarehe na sahihi. Mchukue na Papa Liévin. Atalia, na ana haki ya kulia akiwa karibu na mbwa wake kuliko kulala vizuri kwa uongo wako.

Kesho mwende nyumbani kwa Papa Baudouin, wewe na Élisée, si kwa simu. Keti pale atakapokuonyesha, kunywa utakachopewa, kisha mwambie maneno utakayoyasoma. Usiende kuomba ruhusa, unampa taarifa. Mwulize pia kama chakula cha wanyama kinamfikia, kwa kuwa inawezekana kuna mlango mwingine juu yake, wa wakubwa wanaokizuia, ambao hamjaufungua, na kama upo, uingie katika ripoti kwa maneno yake mwenyewe. Mpe nafasi ya kusema kwanza mbele ya mkutano. Akiikubali, utakuwa na parrain kweli. Akiikataa, kadi huchapwa upya. Nimeshuhudia hapa Bunia ndoa iliyobadilisha parrain, ukumbi na kwaya nzima katika siku tatu, na wale wawili leo wana watoto wanne na kelele zisizoelezeka.

Iandikie kamati kwamba unaiondoa sahihi yako. Dai ukaguzi usiotangazwa, daftari la kila mnyama aingiaye na atokaye, na ufunguo mmoja wa banda ukae kwa kamati. Kama mkurugenzi atabaki au ataondoka, hilo litaamuliwa na waliompa kazi. Wewe kazi yako ni kuhakikisha wanaamua wakiwa wamelitazama lile banda.

Kisha Jumamosi, simama wima, usitafute maneno mazuri, na uanze hivi: "Niliandika kwamba wanyama wote wana afya njema. Nilikuwa sijawaona." Mtazame Papa Liévin unapoyatamka hayo. Soma ya daktari hadi mwisho. Na ukimaliza usikimbilie kukaa, Abigaël. Watu watakuwa na maswali, na mengi yatakuwa ya kukuuliza wewe.