Sitafika Kukuozesha

Penang, Malaysia

Mdogo wangu Rehema,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, na miguu ya mama iwe imepunguza kuuma na baridi hiyo. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauko hapa. Barua anakuletea Gwakisa, mwenzetu wa Lupepo anayefanya kazi stoo huku, anakuja likizo, maana juzi kwenye simu ulilia, ukakata kabla sijakueleza.

Sikukosa nauli wala ruhusa. Tiketi nilikuwa nayo.

Kazi yangu ni kupima swichi, vile visanduku vya chuma vinavyopokea data na kuziamulia zipite njia gani. Tunazisukumia data kwa kasi yote, kisha nachomoa kebo moja makusudi, tuone kama swichi itapata njia nyingine bila kupoteza kitu. Hizi za sasa zinakwenda hospitalini. Zilifaulu. Ilibaki nisaini, kesho yake nipande ndege. Sijui kwa nini niliichomoa tena ile kebo, mashine ikiwa imeshashika joto. Data zikapotea. Kidogo tu, kufumba na kufumbua, kisha zikapita.

Nilikuwa peke yangu. Nikarudia, nikiomba isitokee. Ikatokea.

Nikamwita msimamizi wetu, Bwana Farid. Akatazama skrini, akanitazama na mimi.

"Ukiliandika hili tunaanza upya. Na anayeujua mtambo huu ni wewe tu."

"Najua."

"Na harusi ya mdogo wako?"

"Ndiyo hiyo, bwana."

Nikaliandika. Si ushujaa, Rehema. Nilijua nikisaini, pilau ya harusi yako isingenishuka. Kosa limeonekana, liko kwenye programu, wanalirekebisha ili nipime tena. Lakini Ijumaa yako haisubiri.

Nje huku ni joto la kuchemsha. Chumba cha mashine tu ndicho kina baridi ya Tukuyu ya mwezi wa saba, na humo ndimo ninapowakumbuka. Nakukumbuka tukienda madrasa na mwavuli mmoja, ukang'ang'ania kuushika wewe, na kwa ufupi wako njiti zikawa zinanichoma kichwani. Namkumbuka mama akigeuza ndizi za matoki jikoni huku mvua inapiga bati hatusikilizani. Na harufu ya pasi ya mkaa ya marehemu baba ikipita juu ya kanzu mbichi kwa ukungu. Tangu siku tuliyomzika nilijiambia kuwa siku ya ndoa yako nitakaa mimi mahali pake.

Nimempa baba mdogo uwakala akuozeshe. Amekubali.

Msalimie mama, umwambie asifunge safari ya Mbeya kunipokea. Msalimie shangazi wa Kawetele, na shemeji yangu mpya. Bibi Subilaga, jirani yetu, mwambie ndaga fijo, asante sana, kwa mikungu ya ndizi aliyoahidi kuleta shughulini.

Ombi langu ni moja. Sheikh akishafika, baba mdogo mwenyewe, kabla hajatamka lolote, aingie chumbani kwako akuulize kama umeridhia. Asiulize kwa haraka kama wanavyofanya wengine. Akae chini, akuulize, asubiri. Na kama moyo una neno, mwambie bila kuogopa watu waliojaa uani. Hivyo ndivyo ningefanya mimi.

Kaka yako,
Salum