Wahome wa Kila Kitabu

Mountain View, Nairobi
9 Machi 2003

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, za Maxwell na za mjukuu wako. Sisi tuko, ila mimi usingizi nimeusahau unafananaje. Goti lako linaendeleaje? Mvua ikianza usiende shambani, tafadhali.

Kazi inasonga. Riwaya zako nne za vita na ujasusi nimeshazichapa kwenye kompyuta ya Bwana Waithaka, mchapishaji wako, kule mjini, na ya tano niko katikati. Anasema zote saba zitaingia kwenye buku moja nene, jina lako likiwa mbele peke yake. Anangoja tu sura ya mwisho ya kile kitabu cha saba, ambayo hujaileta. Ni mpole, lakini siku hizi nikiingia ofisini ananiuliza kabla hata ya kunisalimia: "Awiti, mzee amemaliza?"

Sasa nikwambie la nyumbani. Mtoto halali. Tangu azaliwe, jua likianza kushuka analia mpaka sauti inamkauka. Mama Maxwell alikuja kutusaidia, akamwangalia, akasema huyu hataki dawa, anataka jina. Si unajua mambo yetu: mtoto akilia hivyo kuna marehemu anataka apewe jina lake, na mnataja majina mmoja mmoja mpaka anyamaze. Tukataja wa upande wa Maxwell. Tukataja wa upande wako, hata yule shangazi yako mkali. Wapi. Mama Maxwell akasema, "Anawakataa kama chakula cha hospitali."

Ijumaa nilikuwa nimembeba mgongoni, nasoma kurasa kwa sauti, maana ndivyo ninavyoshika makosa yangu. Nikafika pale daraja linapolipuliwa na Wahome anabaki ng'ambo. Mtoto akanyamaza. Nikiendelea mbele analia, nikirudi kwa Wahome ananyamaza. Mama Maxwell akaacha kuchambua mboga. "Hebu rudia hapo." Nikamwambia, Mama, hilo ni jina la Kikuyu, tena la mtu wa hadithi. Akasema, "Kwani huyu analia kwa Kijaluo?"

Baba, Wahome ni nani? Kitabu cha kwanza ni askari, cha pili jasusi, cha tatu dereva wa balozi, na kila mara anakufa. Nilidhani umechoka kutafuta majina.

Ni mimi binti yako,
Awiti


Ugunja
20 Machi 2003

Kwa Awiti,

Bahasha ya barua na kurasa nimeichukua kwa watu wa basi, imefika kavu. Mimi ni mzima. Goti ni goti tu.

Mahali Wahome anapoingia ubalozini umeandika "bunduki" badala ya "bastola". Mtu haingii ubalozini na bunduki ndani ya koti. Rekebisha.

Mtoto mpelekeni kliniki. Wahome ni jina nililolitumia kwa sababu ni fupi na linakaa vizuri kwenye sentensi. Majina ya ukoo yako mengi, chagueni. Usimwite mjukuu wangu hilo, hata kwa mzaha. Na Waithaka mwambie mzee haharakishwi kama chai.

Ile simu ya mkono uliyosema Maxwell ataniletea, sitaki. Maisha yangu yote nimeandika juu ya watu wanaosikiliza simu za wengine.

Baba


Mountain View
6 Aprili 2003

Baba mpendwa,

Salamu tena, na asante kwa kujibu. Sisi tuko hivyo hivyo. Bastola nimerekebisha.

Mtoto tulimpeleka kliniki. Muuguzi wa pale akampima, akamgeuza huku na huku, akasema, "Mama, huyu ni mzima, ni gesi, itaisha. Wewe ndiye unaonekana mgonjwa." Dawa ya gesi amekunywa. Analia.

Usikasirike na hili nitakalosema. Wewe uliviandika hivi vitabu kimoja kimoja, miaka ikipita katikati. Mimi nimevipitia mfululizo, ndiyo maana naona. Watu wako wengine wanabadilika, wananenepa, wanapata meno ya dhahabu. Wahome tu habadiliki. Ni shoto katika vyote. Anafunga kamba za viatu akipiga mluzi. Hali maharagwe. Hata kule Ulaya ulikompeleka, kwenye theluji, mafichoni, njaa ikimuuma, anasogeza sahani ya maharagwe pembeni. Mtu wa kubuni hawezi kukataa maharagwe vitabu vitano, Baba.

Jana nilikuwa peke yangu na mtoto, nikamwita polepole: Wahome. Akageuza kichwa, lakini si kwangu. Aliangalia mlango. Aliuangalia muda mrefu, ametulia kabisa, jinsi anavyomwangalia mtu. Nilihisi kama kuna mgeni amesimama nje akingoja kukaribishwa, na mimi sina ruhusa ya kusema karibu.

Mama Maxwell anasema jina kama hili linatolewa na aliyemjua mwenyewe. Sisi hapa hatumjui. Wewe unamjua. Sikuulizi kama binti anayetaka hadithi. Nakuuliza kama mama wa mtoto.

Binti yako,
Awiti


Mountain View
15 Juni 2003

Baba,

Natumaini u mzima, maana sina njia nyingine ya kujua. Watu wa basi wanasema mizigo unachukua. Kurasa zote nilizotuma umenirudishia na kalamu yako nyekundu kila mahali, lakini barua hakuna. Nilitafuta hata nyuma ya karatasi.

Nikaona kitu kingine. Kurasa ambamo Wahome anakufa hazina wino mwekundu hata nukta. Pale nimekosea sana, nilikuwa nimechoka, nimeruka mstari mzima, na wewe hukugusa. Ni kama hukuzifungua.

Wiki jana nililala ofisini, kichwa juu ya kompyuta. Bwana Waithaka akanifunika koti lake, akatoka akafunga mlango taratibu, sijui nitamwangaliaje usoni. Maxwell akirudi kutoka lindo lake kule Kitisuru ananikuta nimekaa na mtoto vile vile alivyotuacha. Haulizi tena.

Baba, nakuheshimu, unajua. Usiponijibu, Jumapili ya mwisho wa mwezi huu nitampa mtoto jina mwenyewe, bila wewe. Sitaki kufanya hivyo. Lakini nitafanya.

Awiti


Ugunja
22 Juni 2003

Kwa Awiti,

Usimpe. Soma kwanza.

Wahome alikuwepo. Alitoka Karatina, tukawa kikosi kimoja cha jeshi kule kaskazini, kabla hujazaliwa. Tulilala hema moja. Siku moja maji yalikwisha na zamu ya kwenda kisimani ilikuwa yake. Akashika jerikeni kwa mkono wa kushoto, bunduki begani, akaniambia, "Joash, nikirudi nikute hayo maharagwe mmeyamaliza." Hatukusikia risasi. Hatukuona damu wala nyayo. Upepo wa kule hufuta kila kitu. Tulimtafuta mpaka tukaamriwa kuondoka.

Mimi ndiye niliyetumwa kwa mama yake. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nilipofungua mdomo akanifunika midomo kwa kidole, kama unavyomnyamazisha mtoto. "Ulimwona amekufa?" Nikasema hapana. "Basi usimzike mwanangu kwa mdomo wako." Nikamwahidi. Mama huyo naye alishafariki, na mpaka mwisho mlango wake haukutiwa komeo.

Anayekuja kuomba jina kwa mtoto ni aliyekufa. Aliye hai haji. Nikikubali jina hilo, nimesema amekufa.

Utaniambia mbona vitabuni nimemuua. Ndiyo. Kitabuni naweza kumpa risasi, kaburi, hata kasisi. Nikimaliza kitabu napata usingizi kwa muda. Kisha siku moja nasikia jerikeni ikiwekwa chini nje ya dirisha. Imejaa, ile sauti nzito unaijua. Nikitoka, pamekauka. Ndipo naanza kitabu kingine. Katika hiki cha saba nimemuua kwa kila namna, na kila nikimaliza sura naisikia tena papo hapo, wino haujakauka. Karatasi nazichoma.

Sasa unaniambia amesimama mlangoni kwako.

Baba


Mountain View
29 Juni 2003

Baba yangu,

Pole. Leo naanza na pole, salamu zitafuata. Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ngazi za ofisi, watu wakiniruka miguu.

Leo ndiyo Jumapili niliyosema, na jina sijatoa. Nimekungoja. Lakini sasa nisikilize wewe.

Yule mama alikukataza kuzika. Hakukukataza kuita. Hayo ni mambo mawili. Mtoto akiitwa Wahome, kila siku kwenye ploti hii ya nyumba za kupanga mtu atapaza sauti: Wahome, njoo ule. Wahome, vaa viatu. Wahome, umelowa, ingia ndani. Mimi ni mama sasa, naijua hamu ya yule mama. Hayo ndiyo maneno aliyotaka kuyasema miaka yote ile, na hakuwa na wa kumwambia. Kama mwanawe bado yuko hai mahali, basi wako wawili, hakuna aliyedhulumiwa. Kama hayuko, amefika.

Na jambo lingine. Wewe unamfukuza kwa kalamu, yeye anakuja kwangu, na anayelia katikati yenu ni mtoto wangu. Hilo sitalikubali, ingawa wewe ni baba yangu na nakupenda. Tafadhali amua.

Binti yako,
Awiti


Ugunja
17 Julai 2003

Kwa binti yangu,

Salamu kwako, kwa Maxwell na kwa mama yake. Mimi ni mzima.

Sura ya mwisho imo humu, ni kurasa mbili tu. Wahome anashika jerikeni, anasema neno lake la maharagwe, anashuka kuelekea kisimani. Basi. Waithaka atasema haijaisha. Mwambie ndivyo ilivyokuwa. Vile vitabu sita vingine asibadilishe kitu. Vile vifo vilikuwa vyangu.

Haya yanayofuata msomee mtoto, mchana, akiwa macho na halii. Mshike akielekea mlango, na uache mlango wazi. Mama Maxwell awepo, asikie kwamba ni mimi ninayesema.

"Wewe mtoto wa Awiti. Mimi Joash, babu yako, nilimjua mwenye jina hili. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mkono wake wa kushoto hodari kuliko wangu wa kulia. Siku tulizolala na njaa hakugusa chakula cha mwenzake. Sikumwona akifa, na hata leo sisemi amekufa. Nasema nimemsikia akirudi, na sikumfungulia. Wahome, karibu ndani. Mtoto huyu ni wako pia. Mwache alale."

Halafu umnyonyeshe.

Akikataa, niandikie haraka, nitapanda basi nije mwenyewe na goti hili hili. Akilala, usiandike. Usinitumie barua ya kunifurahisha. Nitakuwa nikishuka stendi basi la Nairobi linapoingia. Wakiniambia, "Mzee, leo huna kitu," na kesho wakaniambia hivyo hivyo, nitarudi nyumbani nikalale.

Babu yake Wahome,
Joash