Mama Usingizi

Mama mpendwa,

Ngozi yako nimeirithi. Mabaka yalianzia kwenye viwiko, yakashuka mpaka viganjani, na magamba yale uliyokuwa ukiyakung'uta shukani kila asubuhi sasa nayakung'uta mimi. Daktari amesema ni soriasisi, haiambukizi wala hakuna aliyenitupia. Wewe hukuwahi kuambiwa jina lake. Ulisema tu "ngozi yangu hii".

Unakumbuka Jumamosi za jumuiya, tukitoka alfajiri hapa Mshangano na baridi yetu ya mwezi wa sita? Kabla ya kujifunga kitenge ulimeza kidonge cha mzio, usije ukajikuna mbele za watu. Mwasho kilipunguza kidogo tu, ila wewe kilikulaza kabisa. Rozari haijafika mbali, kichwa chako kiko begani kwangu. Wakakubatiza Mama Usingizi, nawe ukacheka nao. Siku moja tukirudi nilikuuliza kwa nini usiache kukimeza. Ukanijibu, "Anayesinzia hupewa mkono wa amani, mwanangu. Anayejikuna hapewi."

Nimechoka, mama. Nachoka kujikuna, nachoka kujizuia, nachoka kuvaa mikono mirefu juani. Nami nilikuwa nameza asubuhi kama wewe, mpaka daktari aliponieleza kwamba vidonge hivyo havitibu mabaka. Vile vya kusinzisha humsaidia mtu apate usingizi mwasho ukimsumbua, basi vimezwe wakati wa kulala. Ngozi yenyewe inataka dawa ya kupaka na mafuta, kila siku, hata siku nisiyo na hamu ya kujigusa. Eti mficha maradhi kilio humuumbua. Wanaoisema methali hiyo hawawashwi.

Jumamosi iliyopita jumuiya ilisali kwetu. Sikumeza kitu. Katikati ya rozari mwasho ukaamka, nikajikuna mbele yao wote. Ulipofika wakati wa kupeana amani, Mama Fausta, jirani yule aliyekupa jina la Usingizi, aliutazama mkono wangu. Nikaanza kuurudisha. Akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Kumbe mama yako alikuwa na mabaka haya?"

Nikamwambia ndiyo, na kidonge nikamweleza. Macho yakamjaa machozi. Wimbo ulianza ukaisha hajaniachia.

Nililia baadaye, jikoni, kwa uchungu kwamba mkono ule wa amani ulistahili kupewa wewe.

Lala, mama. Sasa huna wa kumficha.

Mwanao,
yule wa begani