Mjane Aliyesusa Kula Mlangoni

Kwako dada yangu Sadhbh,

Mungu na Mama Maria wakae nawe na watoto. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Na ng'ombe wako mwekundu, ameshazaa? Mimi sijambo, nina paa na blanketi, na mguu umepona. Padri anayekusomea asiruke kitu, hata pale utakapoanza kugomba.

Bado ni mkalimani wa Kapteni Thornley hapa ngomeni. Waingereza wananiita Lawrence, maana Lochlainn inawashinda. Watu wetu sokoni wananiita Ulimi wa Kapteni. Nikienda kununua siagi, wanawake wanaulizana kwa sauti kama ulimi huo unataka siagi ya nini na umeshapakwa huko kwa wakubwa. Nacheka nao, ingawa inauma. Wao hao, mtoto wao akikamatwa, wananijia wakilia nikawasemee. Ulinionya kwamba mshika mbili moja humponyoka, nami nikakubishia.

Kabla ya Krismasi alikamatwa Diarmaid, mwana pekee wa mjane Fionnuala. Alikuwa amewaswaga ng'ombe wa Kapteni na kuwaficha milimani. Alipoulizwa akatoa kifua mbele akasema ndiyo, ni yeye, na ng'ombe wenyewe wazuri kweli. Unajua kwetu kijana haitwi mwanamume mpaka aswage ng'ombe wa mkubwa fulani, na akikana ni aibu. Kisha wazee hukaa, ng'ombe hurudi, fidia hutolewa, watu wakanywa. Mimi nikatafsiri neno kwa neno. Waingereza wakasikia mwizi aliyekiri, wakamhukumu kitanzi.

Kesho yake Fionnuala akaja akaketi kwenye kizingiti cha ngome, akasusa kula. Kapteni, ambaye si mtu mbaya, akadhani ni ombaomba, akamtumia mkate na nyama. Hakugusa. Nikamfuata nikamwambia asijitese. Mwingereza hajui desturi yetu ya kususa kula mlangoni pa aliyekudhulumu mpaka akutendee haki, kwa hiyo atakufa bure. Akanitazama kama ninavyotazamwa na wewe nikiongea upuuzi. Akasema, "Nani kakwambia nimemsusia yeye, mwanangu? Asiyejua sheria utamdai vipi? Nimekususia wewe. Maneno ya Diarmaid uliyabeba yote, desturi yake ukaiacha nje."

Dada, masikio yaliniwaka moto. Mchana ule niliketi mezani kwa Kapteni, kondoo wa kuchoma mbele yangu, nikaisukuma sahani kando. Siku zikaenda, mama wa watu akizidi kukauka pale nje, mimi kila tonge likinikwama. Mwishowe nikaweka kisu chini nikamweleza Kapteni yote. Alikasirika sana. Alisema kumbe muda wote nilikuwa nakula chake na moyo uko milimani. Sikukataa. Nilimwambia kule milimani nako wanasema moyo wangu uko mezani kwake.

Sasa nikwambie nilichokizungusha tangu salamu. Nimejitoa kuwa dhamana, na Kapteni amekubali. Diarmaid amefunguliwa akawalete ng'ombe, na akiwaleta kitanzi kitafutwa; nami nimefungwa mahali pake. Asiporudi ifikapo Sikukuu ya Mtakatifu Brigid, mwanzoni mwa Februari, nitanyongwa mimi.

Siku ya kuniingiza ndani, Kapteni alimwita mjane atuone. Mkalimani mwingine hakuna, ikabidi nijitafsirie kesi yangu mwenyewe. Kapteni akasema, mwambie mwanawe asiporudi nitakunyonga wewe. Nikamwambia, bila kupunguza. Fionnuala alikuwa ameshika bakuli la uji wa shayiri, maana dhamana ikishatolewa mtu hula. Akameza kwanza, akasema, "Atarudi." Hilo nalo nikalitafsiri.

Kapteni akanigeukia akauliza, na wewe je, unasemaje? Sadhbh, miaka yote niliyowasemea watu, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nasemaje. Nikajibu kwa lugha yetu kwanza, ili mjane asikie, ndipo nikajigeuzia kwa Kiingereza: naogopa sana, lakini namwamini.

Usije huku, na usimlaani Fionnuala, kwa maana angekuwa mwanao ungeketi palepale. Wabusu watoto, na padri mpe mtindi kwa kazi ya kusoma. Niombee mimi, na mwombee Diarmaid njia njema. Matope ni mengi mwaka huu, na ng'ombe hawana haraka.

Mdogo wako,
Lochlainn