Mbwa Aliyefunga Kwaresima

Etiye Sinidu, dada mkubwa wa sisi wote tusio na dada mkubwa,

Pokea heshima zangu, na kabla sijamwaga yaliyonijaa naomba ujue kwamba mimi si mtu wa kuandikia magazeti, mimi ni fundi saa, nina kibanda changu sokoni Merkato na watu wananijua kwa utulivu, na nisingekusumbua kama maji yasingekuwa yamenifika shingoni, maana Jumamosi inakuja na nyumbani kwangu kuna mmoja atakayefukuzwa kabla ya Jumamosi hiyo, naye ana miguu minne na hajui lolote.

Anaitwa Gomen. Jina alipewa na mke wangu Fantaye, ambaye siku nilipomleta ndani ya katoni ya sabuni alisema, "Baba Meheret, chagua, huyo au mimi," kisha akageuka kuepua sufuria ya gomen, zile mboga za majani, kidogo zikamwagika sakafuni, na yule mtoto wa mbwa akazilamba zote akamwinulia macho kama mtu anayeomba kuongezwa, basi mke wangu akavuta kigoda akakaa na kusema, "Angalau nyumba hii imepata mmoja anayejua chakula," na habari ya kuchagua haikusikika tena. Bila kujisifu, Etiye, ingawa najisifu, mtaa wetu wote wa Shiro Meda hauna mbwa kama huyu, ni kweli amekojolea gabi langu la kujifunika, na waya wa chaji ameutafuna, na wa pili alionunua Fantaye ameutafuna pia, lakini ukimwita anakuja, ukimkemea analaza masikio kwa aibu ya mtu mzima, na habweki ovyo, hubweka mara moja tu kama mzee anayetoa hoja kikaoni halafu anakaa.

Sasa mimi uzeeni nimeanza kujifunza begena, wenzangu wanashinda kwenye mpira na karata, mimi nikasema hapana, kabla sijafa nataka nimwimbie Mungu kwa kinubi cha wazee wangu, na Mwalimu Lisanu wa parokia yetu akanihurumia akaniazima begena yake mwenyewe, ile kubwa ya nyuzi kumi za utumbo wa kondoo, akasema, "Itunze kama jicho." Nikikaa kufanya mazoezi Gomen huacha kila kitu, huja akaegemeza kidevu kwenye mguu wa begena, macho nusu wazi, hatikisiki mpaka nimalize, na Mwalimu alipokuja nyumbani Kwaresima hii kunisikiliza alimwona akaniinulia mkono ninyamaze, akanong'ona, "Tazameni, analia," na kweli sakafu chini ya kidevu chake ilikuwa imelowa, mke wangu akajifuta macho kwa ncha ya shela, nami, Etiye, kifua changu kilijaa hata vifungo vikataka kukatika.

Kwaresima ilipoanza, nyumba yetu kama nyumba yoyote iliacha nyama, maziwa, siagi na mayai, Gomen akala tulichokula, mkate wa injera na mchuzi wa shiro, injera na dengu, wala hakulalamika, na Fantaye akawaambia wanawake wenzake kwenye kahawa, "Gomen wetu anafunga," wakaanza kuja kumtazama. Jirani yetu Zeyneba, ambaye ni Mwislamu, alimletea mifupa kwenye bakuli, mke wangu akamrudishia mlangoni akisema, "Asante jirani, ila mwenzetu amefunga," na Zeyneba akacheka mpaka akashika ukuta, "Haya, akifungua mniambie!"

Basi Mwalimu huzima simu Kwaresima nzima, huifungia kabatini mpaka Pasaka, ila ametuagiza tumtumie mazoezi yetu hivyo hivyo ili akiiwasha asikie tulivyopanda hatua kwa hatua, na mimi ninayefungua saa ndogo kuliko ukucha hii simu aliyonipa binti yangu imenishinda, nikiisimamisha inalala, nikiilaza inasimama, kanda ya kwanza niliyotuma haina kichwa changu, ya pili haina mikono, hii ya tatu nikaiegemeza vizuri kwenye kopo la sukari, nikabonyeza ianze kurekodi, na hapo hapo mtu akagonga lango na saa yake iliyosimama, nikaenda, tukaongea, unajua watu wa saa wanavyoongea, niliporudi begena imelala chali na Gomen ana uzi unaning'inia mdomoni kama tambi.

Nilipiga ukelele, nikarukia simu kuizima, na kidole changu kwa mazoea kikafanya kama siku zote, kikamtumia Mwalimu. Nikampigia binti yangu Meheret, yuko mjini Hawassa, anielekeze kuifuta.

"Abbaye, bonyeza juu yake usiachie."

"Nimebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi."

"Sasa inakuuliza nini?"

"Inauliza kama nifute."

"Soma yote, Abbaye, kuna mistari miwili."

Etiye, sikusoma yote. Ikafutika. Nikasikia Meheret anacheka, ameziba mdomo kwa mkono. "Abbaye," akasema, "umeifuta kwako tu. Kwake ipo."

Kanda yenyewe bado ninayo kwenye picha zangu, nimeitazama, na nitasema ukweli hata kama ni aibu, anakula vizuri mno, hapapariki, anaanza na uzi wa pembeni, anaukata kwa meno ya nyuma, anautafuna mpaka mwisho ndipo anashika mwingine, na alipofika zaidi ya nusu akakaa, akaitazama simu, akajilamba pua. Ndipo nikaelewa ule unyevu wa sakafuni ulikuwa nini, maana katika nyumba yetu nzima Kwaresima hii nyama pekee iliyokuwamo ilikuwa kwenye begena.

Na Jumamosi hii, kuamkia Jumapili ya Matawi, wanafunzi wa begena tunapiga mbele ya parokia, Mwalimu amenipanga wa kwanza, na amesema atatanguliza maneno machache kuhusu kiumbe cha Mungu kinachofunga na kulia, hajui lolote, begena yake nimeifunika shuka nasema naogopa vumbi. Fantaye anasema Ijumaa Gomen apelekwe Kaliti kwa mlinzi wa ghala, na Mwalimu akiwasha simu tuseme tulipogundua tabia yake tulimtoa, anasema hivyo huku analia na kumpikia dengu, anasema, "Nimewaambia wanawake wote, Baba Meheret, nitaweka wapi uso wangu?" Mimi nami nimefikiria kwenda kwa mke wa Mwalimu wakati mumewe yuko kanisani, nimwombe hiyo simu, niseme naitia chaji.

Etiye, niambie la kufanya, nampenda mbwa huyu kuliko inavyomfaa mwanaume wa umri wangu kusema. Siku hizi naimba bila begena, napiga goti kwa kiganja, na bado anakuja kulala, kidevu juu ya mguu wangu.

Naomba jina langu lifichwe.

Fundi Saa, Shiro Meda

*

Ndugu yangu Fundi Saa,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Jina la mkeo, la binti yako, la jirani yako, la mwalimu wako na la mbwa wako umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako, na hayo hukuniomba niyafiche. Nimeyachapa yote. Kabla hujanilaani, nisikilize.

Nimecheka mpaka kahawa ikapoa. Kisha nimesikitika, maana watu wazima wawili mnataka kumfukuza mtoto kwa kosa la kuwa na njaa. Kwaresima ni ya nani, baba? Mtoto mchanga hafungi, mgonjwa hafungi, aliyejifungua juzi hafungi, na mbwa hajabatizwa! Mwenye kufunga ni anayeweza kula akajizuia. Gomen hakujizuia. Mlimzuia ninyi, mkachukua sifa, na siku alipopata upenyo alikula kama kiumbe yeyote mwenye meno yanayoota. Tena mlimlaza kila jioni na pua kwenye utumbo wa kondoo, mkaona udenda unamtiririka, mkaita machozi. Mimi ni mama wa watoto watano na sijawahi kuona anayelia kwa kidevu.

Sasa wewe. Fundi mzima, mtu wa kibanda na jina, unapanga kumnyemelea mke wa mwalimu wako ili uingie kwenye simu ya mwenye begena? Wiki ya mfungo? Wakati mumewe yuko kanisani? Naandika hapa na uso umenipasuka kwa aibu niliyokuonea. Tena simu iliyokushinda mkononi mwako, ya mtu mwingine ndiyo ungeiweza? Ungemtumia Askofu.

Wazo hilo litupe. Na la Kaliti pia. Ukimpeleka mbwa kwa mlinzi wa ghala, begena haitaota nyuzi. Utabaki na begena bubu, nyumba bubu, na mke anayepika dengu bila mlaji.

Fantaye, dada yangu, najua unasoma hapa, usijifunike shela. Hukusema uongo uliokusudia. Ulijivunia mwanao ukapitiliza, na nani kati yetu hajafanya hivyo kwenye kahawa? Mimi nilishawaambia watu mwanangu anasoma udaktari, kumbe anauza viatu, na leo ndiye anayenivalisha. Wanawake watakucheka siku mbili. Siku ya tatu kuna mtu mwingine atakuwa amechekesha zaidi, mtaa wenu naujua. Nenda kwa Zeyneba, tena wewe, usimtume mtu. Mwambie, "Jirani, amefungua." Atakupa bakuli lile lile na maneno ya kukutania, pokea vyote viwili. Sisi Wakristo hatuli nyama ya kwao nao hawali ya kwetu, lakini mbwa haulizi nani alimchinja ng'ombe. Mtoto apate mifupa na mayai ya kuchemsha, alishwe nje uani ili mfungo wenu usichafuke, na begena itundikwe ukutani asikofika hata akisimama. Mtoto wa mbwa hukua, kwa hiyo itundikeni juu zaidi ya mnavyodhani.

Fundi, begena hiyo uibebe leo, bila shuka. Mpeleke Gomen mpaka nje ya ua wa Mwalimu, asikaribie kanisa, na umweleze Mwalimu Lisanu mwanzo mpaka mwisho kama ulivyonieleza mimi, pamoja na hiyo tambi. Mwombe akufundishe kuunganisha nyuzi mpya, ukae naye mpaka ujue. Amekufundisha kupiga begena iliyotiwa nyuzi na mtu mwingine, na mtu wa mikono kama yako anastahili kujua kuzitia mwenyewe. Kama nyuzi hazitakuwa tayari Jumamosi, piga zilizobaki. Nimesikia begena yenye nyuzi nne ikiliza ukumbi, na nimesikia yenye kumi ikilaza watu usingizi.

Na lile la maneno machache kuhusu kiumbe kinacholia, mwachie Mwalimu aamue atakavyosema akishaujua ukweli. Ila kama ataniuliza mimi, nitamwambia hivi. Wewe mwenyewe umeniandikia mwishoni kabisa, kama mtu asiyejua alichokishika, kwamba begena umeiweka kando, utumbo hakuna, harufu hakuna, unaimba mikono mitupu, na bado mbwa anakuja. Sasa anafuata nini? Kwenye goti lako hakuna nyama, baba. Anakuja kusikiliza mzee anayejifunza, na mtu yeyote aliyewahi kukaa na mwanafunzi wa begena anajua hiyo si kazi ndogo. Ulikuwa na fahari juu ya mbwa anayefunga, na hakuwapo. Huyu uliye naye yupo, na fahari yake hakuna wa kukunyang'anya, hata simu.

Nimesema nimeyachapa majina yote. Ningeweza kuyabadilisha, mhariri wangu aliniuliza mara mbili. Sikubadilisha kwa sababu ulihitaji kusukumwa. Mwalimu wako amefunga simu, hajafunga magazeti, na gazeti hili linafika mlangoni mwa kanisa lenu asubuhi kabla ya misa kwisha. Unaposoma mstari huu yeye huenda yuko katikati ya barua yako, amefika kwenye kopo la sukari. Kwa hiyo usimalize chai. Umfikie kabla hajafika mwisho, asikie ukweli kwa mdomo wako na si kwa kalamu yangu.

Gomen haendi Kaliti. Na Pasaka ikifika, mtachinja kondoo kama kila nyumba. Utumbo uoshwe, upimwe wa kutosha nyuzi kumi, apewe Mwalimu kwa mikono miwili. Unaobaki apewe Gomen, mchana kweupe, lango likiwa wazi, majirani wote wakitazama, na Fantaye ndiye amlishe, kifua mbele.

Etiye Sinidu